KAIMATI ZA UNGA WA UGALI ZIMETOKA WAPI?



Ramadhani ya mwaka 2022 iliingia mwezi wa Aprili, na bila shaka hujasahau bei ya unga wa ngano ilivyokuwa siku zile. Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimeanza Februari, na Kenya hununua ngano yake nyingi kutoka nje, pamoja na nchi hizo mbili. Basi mama anaenda dukani hapa Nyalenda, anaangalia paketi ya ngano, anaiangalia tena, anairudisha. Akifika nyumbani anachukua unga wa ugali uliobaki jana, anatia sukari na iliki, anakaanga vitonge, futari inapatikana. Na sisi vijana, badala ya kushukuru, tukaanza maneno: "Hizi si kaimati bwana, huu ni ugali wa kukaanga." Kuna nyumba ambazo sahani ilikuwa ikifunikwa mgeni akibisha hodi. Jirani naye hapelekewi kitu, ati ni aibu kumpelekea mtu unga wa mahindi mwezi mtukufu.

Ni hiyo aibu iliyonifanya nikae chini niandike. Kwani nani alikwambia kaimati ni za ngano tu? Na huo unga wa mahindi tunaouona wa kishamba, unajua umepita wapi mpaka ukafika kwenye karai lako? Hebu tufuatane polepole.

Tuanze na kaimati yenyewe. Jina ni la Kiarabu, luqaimat, yaani vitonge vidogo. Lina uhusiano na luqma, tonge moja la kutia mdomoni. Kule Oman, Dubai na Kuwait mpaka leo wanaziita hivyo hivyo na wanazila zaidi Ramadhani, kama sisi. Lakini mapishi ni ya zamani kuliko miji hiyo tunayoiona kwenye televisheni. Mwaka 1226, pale Baghdad, mtu mmoja aitwaye Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, Kitab al-Tabikh, na ndani yake mna kitu kinachoitwa luqam al-qadi, matonge ya kadhi. Unakanda unga, unauacha uumuke, unakata vipande vidogo kama kokwa, unakaanga katika mafuta ya simsim, unachovya katika shira, unanyunyiza sukari. Si ndiyo kaimati hiyo? Miaka 32 baadaye, mwaka 1258, Wamongolia waliingia Baghdad wakaua na kuchoma, maktaba zikapotea. Nakala ya kitabu hicho ikasalimika, na ilikuja kupatikana Istanbul. Ukhalifa wa Baghdad ulianguka, tonge la kadhi likabaki!

Kutoka Ghuba mpaka pwani yetu njia ilikuwa wazi. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, yakarudi na wa kusi, na watu husafiri na matumbo yao. Hivyo kaimati zikawa chakula cha Lamu, Mombasa na Unguja. Ila hapa kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Ngano si zao la pwani ya Waswahili. Haipendi joto lile na unyevunyevu ule. Chakula cha watu wa pwani kilikuwa mtama, uwele, wimbi, mchele, ndizi na nazi. Ngano ilikuwa ya kununuliwa, kitu cha mwenye pesa. Ndiyo maana mkate wa asili wa pwani ambao wazee bado wanaukumbuka ni mkate wa mofa, wa unga wa mtama, uliokuwa ukipikwa katika tanuri ya udongo. Wasomali wana ndugu yake, wanauita muufo, nao siku hizi huufanya sana kwa unga wa mahindi. Umeona basi? Mkate ulibaki na jina lake, nafaka ikabadilika ndani, na hakuna mtu aliyesema ati sasa si mkate tena.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kuhusu ndizi na malimau ya pale, na watu wa dini na nidhamu, na nafaka iliyoletwa kutoka bara la Waswahili. Hindi hakuliona hata moja. Hangeweza kuliona, kwa sababu duniani kote, nje ya mabara ya Amerika, hapakuwa na mtu aliyewahi kulionja.

Sasa tuje kwenye mahindi, maana hapa ndipo penye mambo.

Mahindi yalianzia Meksiko, kiasi cha miaka 9,000 iliyopita. Wakulima wa huko walichukua nyasi moja ya mwituni yenye punje chache ngumu, wakachagua mbegu kizazi baada ya kizazi, mpaka nyasi ikawa bunzi. Columbus alivuka bahari mwaka 1492 na meli za Ulaya zikaanza kubeba mahindi huku na huku. Yalienda upesi kuliko habari zake, kwa hivyo kila taifa likadhani yametoka kwa jirani. Waingereza wa zamani waliyaita ngano ya Kituruki, Waitaliano mpaka leo wanayaita nafaka ya Kituruki. Waturuki wenyewe wanayaita Misri. Wamisri nao wanasema ni mtama wa Sham. Na sisi? Sisi tukasema ni ya Kihindi, mahindi! Basi kila ukiagiza ugali, unatamka jina la nchi ambayo haikuhusika.

Pwani kwetu waliyaleta Wareno. Walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na askari wa ngome lazima wale. Katika karne ya 17 Wareno waliokaa Unguja na Pemba walikuwa wakilima mahindi. Mwaka 1698 ngome ya Mombasa ilitekwa na Waomani, wenye nchi wakapumua. Mreno akaenda na bendera yake, lakini mahindi, pamoja na muhogo aliouleta pia, yakabaki shambani.

Kutoka pwani mpaka ziwani yalichukua muda mrefu sana. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikifika kwa Wawanga, pale panapoitwa Mumias leo. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 alikuta ni njia inayojulikana. Nabongo Mumia aliwapokea wageni wale wa pwani, na Uislamu ukashika mizizi pale kabla ya reli. Halafu reli yenyewe ikafika ziwani Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Na reli ilileta watu: wafanyabiashara wa Kihindi, maaskari wa Kinubi ambao wajukuu zao wako Kibos, Waswahili wa Mombasa na Lamu, na wake zao na karai zao. Ukijiuliza kaimati zilifikaje Kisumu, zilishuka treni.

Lakini zilipofika, wenyeji wa hapa walikuwa wakila nini? Si mahindi, sio kwa wingi. Ugali wa Mjaluo, kuon, ulikuwa wa bel, yaani mtama, na wa kal, yaani wimbi. Muulize nyanya yako wa Seme au wa Asembo, atakwambia kuon bel ulikuwa mwekundu, mzito, na ukila asubuhi huoni njaa mpaka jioni. Mahindi, ambayo wengine huyaita bando na wengine oduma, yalikuwapo kidogo kidogo, ya kuchoma na ya kuchemsha. Kuanzia mwaka 1907 mkuu wa jimbo la Nyanza alikuwa John Ainsworth, naye akawasukuma watu walime mahindi na simsim kwa ajili ya kuuza. Reli lazima ipate mzigo wa kubeba, na raia lazima apate pesa ya kodi. Yakaja mahindi meupe ya punje kubwa, mbegu ya Kimarekani iitwayo Hickory King iliyopitia Afrika Kusini. Kwa nini meupe? Viwanda vya wanga vya Uingereza vilipenda meupe. Leo hapa ukimpa mtu ugali wa mahindi ya manjano anakutazama kama umemtukana, anakumbuka mahindi ya msaada wa njaa, na huku hajui kuwa weupe ule ulichaguliwa na mwenye kiwanda ng'ambo.

Halafu ikaja vita ya kwanza ya dunia, 1914 mpaka 1918. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni hapa Nyanza palipotolewa vijana wengi wa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza kwenda kupigana na Wajerumani Tanganyika. Kikosi kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo ulimi wetu uliligeuza kuwa Kariakoo, na ndiko mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam ilikopata majina yake. Mbebaji alipewa chakula cha kipimo cha kila siku, posho, na posho hiyo ilikuwa hasa unga wa mahindi. Neno likaganda. Ndiyo maana Uganda wanaita ugali posho, na sisi mashine ya kusagia tunaiita posho mill.

Wale vijana walikufa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa, na mojawapo kubwa lilikuwa la tumbo. Mtu aliyezoea mtama, au ndizi, au muhogo, anapewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo. Amechoka, mvua inanyesha, kuni mbichi, sufuria ni moja kwa watu wengi. Anaupika nusu nusu anakula. Tumbo linakatika kwa kuhara damu, na kesho yake anabebeshwa mzigo tena. Madaktari wa jeshi waliandika juu ya jambo hili, na baadaye wakasisitiza unga usagwe vizuri na upikwe uive.

Nakuomba ulishike hilo neno, upikwe uive, maana litatufaa tukifika jikoni.

Baada ya vita mahindi hayakurudi nyuma. Waliorudi walirudi wamezoea ladha, mashine za kusaga zikaenea, na hindi lina faida moja kubwa juu ya mtama: limevikwa maganda, ndege hawalifikii kirahisi, kwa hivyo watoto hawahitaji kukaa shambani wakifukuza ndege, wanaweza kwenda shule au madrasa. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mbegu ya H611, ambayo baba yake mmoja alitoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Mavuno yakapanda, na mtama ukawa chakula cha wazee. Mimi binafsi naona hasara kidogo hapo. Shamba la nafaka moja likikosa mvua, limekosa yote, na mtama ungevumilia. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nikuvushe bahari kidogo. Nimesema mahindi yalitoka Amerika yakaja kwetu. Kuna watu waliokwenda upande wa pili, Waislamu wa Afrika ya Magharibi waliokamatwa wakauzwa Amerika. Mmoja wao aliitwa Bilali Muhammad. Alifanywa mtumwa katika kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia, karne ya 19. Alikuwa msomi, aliacha karatasi za fiqhi alizoandika kwa mkono wake kwa Kiarabu, na zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha Georgia mpaka leo. Alikuwa na binti aliyeitwa Hester. Miaka ya 1930 waandishi walikwenda visiwani kuwahoji wazee, wakamkuta mzee mmoja, Shad Hall, mjukuu wa Hester huyo, na mazungumzo yao yakachapishwa mwaka 1940. Shad Hall alikumbuka kwamba bibi yake alikuwa akitengeneza keki fulani mwanzo wa kila mwezi. Alitia unga wa nafaka katika maji yanayochemka, akautoa hapo hapo, akauchanganya na asali, akaufinyanga. Mara nyingine alitumia mchele. Zikiwa tayari anawaita watoto wote, anawagawia. Jina la keki hizo alilitaja: saraka.

Saraka! Unalisikia hilo neno, ndugu msomaji? Ni sadaka. Wanawake waliozaliwa utumwani, hawana uhuru, hawana mshahara, na nafaka ya kawaida ya watumwa kule ilikuwa mahindi ya kupimiwa, ile ile posho. Na katika unga huo wakatoa sadaka, na neno likapita kwa mama, kwa binti, kwa mjukuu, zaidi ya miaka 100, hata pale ambapo wajukuu hawakujua tena maana yake.

Katika majimbo yale ya kusini ya Marekani, mpaka sasa wanakaanga vitonge vya unga wa mahindi vyenye kitunguu, huliwa pamoja na samaki wa kukaanga. Wameviita kwa jina la kuchekesha, la kunyamazisha watoto wa mbwa. Mahindi ni ya wenyeji wa asili wa nchi ile, na jikoni katika nyumba za matajiri walikuwa wanawake wa Kiafrika. Unga wa mahindi, kitunguu, samaki. Ukimleta mtu wa Georgia pale Dunga jioni, njaa haitamtoa.

Basi twende jikoni.

Chukua vikombe 2 vya unga wa mahindi laini, ule wa paketi au wa kusaga uliochekechwa. Tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi. Chemsha maji, na yakiwa yanatokota kweli kweli, mimina kikombe 1 juu ya unga huku unakoroga kwa mwiko. Funika dakika 10. Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo watu wengi wanairuka. Unga wa ngano ukiumuka na kuingia kwenye mafuta unaiva upesi, wa mahindi hauivi hivyo. Ukiukanda kwa maji baridi, nje utakuwa mwekundu, ndani ni mchanga, na usiku kwenye tarawehe tumbo linakusumbua. Maji moto yanaulainisha kabla hujaanza kukaanga. Mama yule wa Sapelo alilijua hilo.

Ukipoa kiasi cha kuweza kutia mkono, ongeza yai 1, nusu kikombe cha maziwa lala, nusu kikombe cha unga wa ngano ili ushikane, na vijiko 2 vya chai vya hamira ya unga, ile baking powder. Changanya mpaka usione donge kavu. Uwe mzito wa kuchota kwa kijiko, usiwe wa kumiminika. Sasa gawanya mara mbili.

Nusu ya kwanza ni ya sukari. Ponda ndizi 1 iliyoiva sana, ile yenye madoa meusi, tia vijiko 2 vya sukari na iliki. Wazo la ndizi si langu, ni la jirani zetu wa Uganda. Kabalagala zao, zinazovuka Busia kila siku, ni ndizi tamu na unga wa muhogo, na hazina haja ya shira. Ukitaka shira weka, lakini sukari nayo ina bei.

Nusu ya pili ni ya chumvi. Katakata kitunguu 1, dania na pilipili. Kama una omena, zikaange kavu kwanza, zitoe vichwa, zisage mkononi uchanganye. Mtu wa pwani atashangaa, mwache ashangae, akionja ataomba nyingine.

Mafuta yawe ya kuzamisha, moto wa wastani. Jaribu kwa kipande kidogo, kikipanda juu taratibu na kutoa mapovu, yako tayari. Chota kwa kijiko, tonge lisizidi ukubwa wa ndimu, na usijaze karai, maana mafuta yakipoa vitonge vinanywa mafuta. Geuza, dakika 4 au 5, zitoe zikiwa rangi ya udongo. Watoto wakae mbali na jiko, kwa sababu donge kavu ndani ya tonge hupasuka na kurusha mafuta.

Jambo moja la usalama. Unga ukinuka ukungu, usiupike hata kama ni wa bure. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na 125 wakafariki. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Ukinunua gorogoro pale Kibuye, mimina kiganjani kwanza, angalia, nusa, chagua zilizooza utupe, halafu ndiyo upeleke posho mill.

Na wakati wa kukaanga ni robo saa kabla ya magharibi, si saa kumi. Kaimati za ngano zinaweza kungoja, za mahindi zikipoa zinakuwa ngumu. Kwa hivyo za jirani zitoe kwanza, tia kwenye sahani, mpe mtoto akimbie nazo zikiwa bado moto.